Gitaa Linalokoroma

Mwezi huu nilikusudia kuendelea na habari za kulinda vitabu na mchwa, lakini nimepata waraka kutoka kwa mwalimu mmoja wa upande wa Njombe, nami naona neno lake haliwezi kungoja, kwa maana limekwisha kutia uchungu kati ya kwaya mbili zilizokuwa zikipendana.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Juni kwaya ya huku ziwani iliwauzia wenzao wa huko juu gitaa moja la nyuzi za chuma, lililokaa kwetu miaka minne pasipo kutupa taabu. Fedha yake ilichangwa nyumba kwa nyumba, na wasio na fedha walitoa viazi vikauzwa. Kijana mmoja wa kwetu akalichukua, akapanda nalo milima hata Ludewa, na toka Ludewa kwa gari hata Njombe, akalikabidhi mikononi mwao likilia vizuri. Wiki tatu hazijatimia, gitaa likaanza kukoroma. Mwalimu asema kila apigapo nyuzi nene, sauti hutoka pamoja na mvumo kama wa nzi aliyefungiwa katika kopo. Wazee wa kwaya wakakaa baraza, na katika baraza hiyo yakatoka maneno matatu: ya kwamba watu wa ziwani waliwauzia kitu kibovu hali wakijua, ya kwamba yule kijana aliliangusha njiani akaficha, na ya kwamba seremala wa kijiji aitwe na tupa yake, avipunguze vile vyuma vya shingoni mpaka mvumo ukome.

Namjibu mwalimu mbele yenu nyote, kwa kuwa magitaa ya namna hii yamo katika nyumba na shule nyingi lifikapo gazeti letu. Neno la kwanza na la pili yangoje kwanza. Neno la tatu lisifanyike kabisa, nami nitaeleza sababu.

Nianze kwa majina, ili tusichanganyikiwe. Gitaa lina kichwa, shingo na kiwiliwili kama mtu. Kichwani mna masikio ya kukazia nyuzi. Juu ya shingo umegandishwa ubao mgumu, na katika ubao huo vimepachikwa vyuma vyembamba vya kukingama, ambavyo vijana huviita freti; nasi tutaviita hivyo, tukihesabu freti ya kwanza kuwa ile iliyo karibu na kichwa. Nyuzi zikitoka kichwani hupita juu ya mfupa mdogo wenye mifuo sita, nao nitauita mfupa wa juu. Zikifika kiwiliwilini hulala juu ya mfupa mwingine, uliosimama katika kibao kilichogandishwa usoni pa gitaa, nao ni mfupa wa chini. Kati ya mifupa hiyo miwili uzi hautakiwi kugusa kitu ila freti ile uliyoushikia. Ukigusa freti nyingine hali unatetemeka, ndipo gitaa hukoroma. Ugonjwa wote ni huo. Kazi ni kujua uzi unagusa wapi, na kwa nini uzi umeshuka au freti imepanda.

Sasa fikirini habari za mahali. Lupingu iko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na uso wa ziwa hili uko mita 475 hivi juu ya bahari. Mji wa Njombe uko juu kwa mita 1,900 na zaidi. Huku kwetu hewa ina joto pamoja na unyevu wa ziwa. Kule, tangu Juni hata Agosti, ni baridi kali, na hewa ya baridi haiwezi kuchukua mvuke mwingi wa maji. Hewa hiyo ikiingia chumbani na kupashwa moto kwa jiko la makaa, joto lake huzidi lakini maji yake hayazidi. Basi huwa hewa yenye kiu, nayo hunywa maji popote iyapatapo: katika midomo ya watoto ikapasuka, katika ngozi ya ngoma ikakaza, na katika mbao za gitaa vilevile. Mwalimu mwenyewe ameandika, kama mtu anayeonyesha jinsi anavyotunza mali ya wenzake, ya kwamba gitaa hutundikwa msumarini sebuleni, mahali pakavu, karibu na jiko. Mwalimu, tuanzie hapo.

Akina mama wa Kikisi wa mwambao huu, ambao vyungu vyao hupelekwa masokoni kwa mitumbwi, wangeweza kulijibu swali hili pasipo kuguswa na somo lolote la muziki. Hakuna hata mmoja wao awekaye chungu kibichi juani au karibu na moto ili kikauke upesi. Ajua ya kwamba upande mmoja ukinywea kabla ya mwingine, chungu hupindika au hupasuka. Mbao nayo ina tabia hiyo, ila yenyewe hunywea kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu wake. Uso wa gitaa ni ubao mwembamba, unene wake milimita 3 hivi, nao umeinuka kidogo katikati. Ukipata unyevu huvimba na kupanda, ukikauka huzama. Na kwa kuwa mfupa wa chini umesimama juu ya uso huo, uso ukizama mfupa nao hushuka, na nyuzi hushuka pamoja nao kuelekea freti. Tena shingo nayo yaweza kunyoka mno au kurudi nyuma mbao zake zikikauka. Kwa njia hizo mbili nafasi ya uzi kutetemeka hupungua, wala hakuna mtu aliyeangusha kitu.

Waundaji wa magitaa walilijua jambo hili zamani. Baba zetu wengi wa pande hizi za Nyasa walikwenda kazi za migodi kusini, na wengine walirudi na gitaa begani. Huko Durban yaliundwa magitaa ya bei nafuu yaliyoitwa Gallotone, yakaenea kusini na katikati ya Afrika. Na moja la namna hiyo, liitwalo Champion, lilifika hata Liverpool, Uingereza, likawa gitaa la kijana John Lennon, ambaye mwaka 1957 alilipiga siku ile alipokutana na Paul McCartney. Ndani ya gitaa lile mlikuwa na karatasi yenye ahadi ya kwamba halitapasuka. Mfanyi biashara hatoi ahadi ya namna hiyo ila pale wanunuzi wanapokwisha kuona magitaa mengine yakipasuka.

Basi, mwalimu, kabla hujarudi barazani fanya jambo moja. Pitisha kiganja chako polepole ukingoni mwa shingo, toka kichwani hata kiwiliwilini, upande huu na upande huu. Kama ncha za freti zinakukwaruza mfano wa meno ya msumeno, basi ubao umenywea nazo freti, zilizo za chuma, zimebaki na urefu wake. Lilipotoka Lupingu ukingo ule ulikuwa laini, kwa maana watoto wangu wameushika miaka minne. Gitaa lililoanguka halifanyi ncha za freti kutokeza. Gitaa lililoanguka huonyesha alama nyingine: ufa nyuma ya kichwa, pale shingo inapokuwa nyembamba, pembe ya kiwiliwili iliyobonyea, ufa ubavuni, au kijiti cha ndani kilichobanduka, ambacho hujulikana kwa kugonga uso kwa kifundo cha kidole na kusikia mahali panapojibu kwa mlio wa kupwaya. Tazama pia kwa tundu, ukimulika kwa taa ya simu. Ushahidi wa gitaa umo ndani ya gitaa lenyewe, na ni wa kuaminika kuliko wa watu waliokasirika.

Tuje kwenye mvumo wenyewe. Yatupasa kuyaondoa kwanza mambo madogo, kwa kuwa nimeona watu wakifungua shingo ya gitaa na kumbe kosa ni kifungo cha koti kinachogusa ubavu wake. Ncha ya uzi iliyoachwa ndefu kichwani hupiga ubao ikavuma. Kijiparafujo cha sikio la kukazia kikilegea huvuma kwa noti moja tu na kunyamaza kwa nyingine. Uzi mzee wenye kutu hukoroma kwa uchovu wake. Na mara nyingi mno nyuzi zimelegezwa chini ya kiasi ili zifuatane na sauti za kwaya. Uzi uliolegea hucheza kwa upana, nao lazima ugonge. Kazeni nyuzi kwa kipimo chake cha haki, ile A ikiwa mitetemo 440 kwa nukta moja, kama programu za simu zinavyoonyesha, kisha ndipo msikilize tena.

Mtazameni na mpigaji pia. Kidole kinatakiwa kukaa nyuma tu ya freti, kikiikaribia. Kikikaa mbali nayo, uzi haushikwi sawasawa. Na mwenye kupiga kwa nguvu kama atwangaye atasikia mvumo hata katika gitaa lililo zima. Marehemu Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake kwa mara ya kwanza mwaka 1952 mjini Jadotville, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, noti moja moja. Vijana wetu wa kwaya hukwangua nyuzi zote sita kwa mkono mzima, tena wakishindana na ngoma. Sisemi waache. Nasema gitaa la kwaya lisishushwe nyuzi zake chini mno kwa ajili ya urahisi wa vidole.

Hayo yakiisha kuondolewa na mvumo ukabaki, tafuteni makao yake. Piga uzi mmoja mmoja pasipo kushika freti yoyote, kisha panda freti kwa freti hata mwisho wa shingo, ukiandika kwenye karatasi kila penye mvumo. Kazi hii ni ya nusu saa, na wengi huiruka. Lakini karatasi hiyo ndiyo daktari.

Kama uzi wavuma ukiwa mtupu, na ukishika freti ya kwanza unanyamaza, kosa liko katika mfupa wa juu: mfuo umelika na uzi umezama. Kama wavuma ukiwa mtupu au ukishikwa tangu freti ya kwanza hata ya tano hivi, na juu zaidi ni salama, shingo imenyoka mno au imerudi nyuma. Kama mvumo uko katika freti za juu tu, karibu na kiwiliwili, mara nyingi mfupa wa chini ni mfupi, au uso umezama, au shingo imeinuka pale ilipoungana na kiwiliwili. Kama ni mahali pamoja tu, freti moja na si nyingine, basi kuna freti iliyo mbele yake iliyopanda. Hiyo huonekana kwa kusimamisha ukingo wa kitu kifupi kilichonyoka, mfano kadi ya benki, juu ya freti tatu kwa mara moja: kadi ikipembea, freti ya katikati ndiyo iliyopanda.

Mwalimu ameandika ya kwamba mvumo wake uko katika nyuzi nene tatu, tangu mtupu hata freti ya nne, tena mahali pamoja katika uzi wa tatu. Hapo twaona magonjwa mawili, na seremala na tupa yake angeyatibu yote mawili kwa kisu kimoja, naye angeua mgonjwa. Freti zikipunguzwa wakati wa kiangazi shingo ikiwa imepindika, hupunguzwa kwa kuifuata shingo iliyopindika. Mvua zikija na shingo ikirudi mahali pake, freti zilizokatwa hazirudi. Ndiyo sababu nimesema neno la tatu lisifanyike.

Kupima shingo ni rahisi, wala hakuhitaji chombo cha fundi. Kaza nyuzi kwa kipimo chake. Shika gitaa kama unalolipiga, si kulilaza. Kwa kidole cha mkono mmoja bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili ubane pale shingo inapoungana na kiwiliwili, yaani freti ya 14 katika magitaa mengi ya nyuzi za chuma. Uzi uliobanwa hivyo umekuwa rula. Tazama sasa nafasi kati ya uzi na freti ya sita au ya saba. Shingo nzuri haikunyoka kabisa, bali ina bonde dogo mno, ili uzi upate mahali pa kuchezea: milimita 0.1 hata 0.25. Karatasi ya kawaida ya mashine ya kunakili ina unene wa milimita 0.1 hivi, basi mtoto na apenyeze karatasi moja, kisha mbili zilizokunjwa pamoja. Zikipita zote mbili kwa kugusagusa, shingo ni njema. Ikikataa hata moja, na uzi umelala juu ya freti, shingo imenyoka mno au imerudi nyuma. Zikipita karatasi nne au tano pasipo kugusa, bonde limezidi, na nyuzi zitakuwa juu na ngumu kushika.

Ndani ya shingo ya magitaa mengi ya nyuzi za chuma mna chuma kirefu, chenye nati mwishoni. Nyuzi sita za chuma nyepesi huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 70, sawa na mtu mzima aliyening'inia shingoni mchana na usiku. Chuma hicho kimewekwa kupingana na mtu huyo. Chuma cha kurekebishwa kwa nati kilitoka kwa Thaddeus McHugh, aliyekuwa katika kampuni ya Gibson ya Marekani, naye akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1923. Wengine walikawia, kampuni ya Martin, iliyo kongwe kuliko hiyo, haikutia chuma cha kurekebishwa mpaka mwaka 1985. Kwa hiyo msione ajabu mkikuta gitaa zuri la zamani lisilo na nati.

Nati iko mahali pawili: ama kichwani, chini ya kifuniko kidogo nyuma ya mfupa wa juu, ama ndani ya kiwiliwili, mwishoni mwa shingo, na hufikiwa kwa tundu. Hugeuzwa kwa ufunguo wa pembe sita uliopindwa mfano wa herufi L, kama ule wa mafundi wa baiskeli. Aghalabu ni wa milimita 4 au 5. Ufunguo uingie sawasawa na hata ndani, kwa kuwa ukilegalega hula pembe za nati na kuharibu kazi yote. Ukiitazama nati mbele yako, kuigeuza kuume ni kukaza: shingo hunyoka na bonde hupungua. Kuigeuza kushoto ni kulegeza: nyuzi hupata nguvu, shingo husogea mbele, na bonde huongezeka. Gitaa la mwalimu lahitaji kulegezwa, si kukazwa. Na hapa wengi hukosa, kwa maana kila kitu kikivuma au kikigongana sisi huwaza kukaza, kama gurudumu la baiskeli.

Geuza robo ya mzunguko, wala usizidishe. Kaza nyuzi tena kwa kipimo chake, pima kwa karatasi, kisha uliache gitaa hata kesho, kwa sababu mbao huchelewa kutii. Ukiwa wakaza, legeza nyuzi kwanza ili kuipunguzia nati mzigo. Na ikiwa nati inakataa kwa nguvu ya mkono wa kawaida, acha. Usitie bomba la chuma juu ya ufunguo, usiite mtu mwenye nguvu zaidi. Chuma kikikatika ndani ya shingo, gharama ya kukitoa huenda ikapita bei ya gitaa.

Jambo lingine lisilojulikana sana: nati hii si ya kupandisha wala kushusha nyuzi. Ni ya bonde la shingo tu. Kimo cha nyuzi hupimwa kwa rula ya mtoto wa shule pale freti ya 12, ambayo ndiyo nusu ya uzi: uzi mnene uwe juu ya freti kwa milimita 2.5 hivi, na mwembamba kwa milimita 2 au pungufu kidogo. Kimo hicho hurekebishwa kwa mfupa wa chini, nao huchomoka. Ukitaka nyuzi zipande milimita 1 pale freti ya 12, sharti mfupa upande milimita 2. Basi hutiwa kibanzi chembamba cha mbao ngumu chini yake, kilichokatwa sawa na upana wake. Ukitaka kushusha, sugua upande wa chini wa mfupa juu ya msasa uliolazwa mezani, kidogo kidogo. Lakini shingo hutangulia sikuzote, na mfupa hufuata.

Na kabla ya shingo hutangulia maji. Nilimwambia mwalimu asiguse nati kwanza. Aliondoe gitaa karibu na jiko. Alilaze ndani ya kasha lake, na pamoja nalo aweke kijisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haidondoshi tone. Sifongo isiguse mbao. Ailoweshe kila siku mbili au tatu, kwa wiki moja na zaidi. Gitaa hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hata 55, na kasha lililofungwa laweza kulipatia hewa hiyo hata Njombe mwezi wa Julai. Anayegeuza nati kabla ya kulinywesha gitaa atalazimika kuigeuza tena likiisha kunywa.

Kabla karatasi hizi hazijapelekwa kupigwa chapa, jibu la mwalimu limenifikia kwa simu. Ncha za freti zilimkwaruza kiganja pande zote mbili. Ufa hakuona, si kichwani, si ubavuni. Na alipogonga uso, ulijibu sawasawa kila mahali. Karatasi ilikataa kupita freti ya saba. Siku tisa za sifongo ziliondoa nusu ya mvumo. Robo moja ya mzunguko kwa kushoto ikaondoa karibu yote iliyosalia, na sasa karatasi mbili zapita. Ulibaki ule wa uzi wa tatu. Hapo akaitwa seremala yule yule, safari hii bila tupa. Akasimamisha kadi juu ya freti, akaiona iliyobanduka upande mmoja kwa kunywea kwa ubao, akailaza kwa kuigonga taratibu na nyundo ya mti. Tena akasema, mwalimu ananiandikia, ya kwamba angaliulizwa habari za mbao tangu mwanzo angalijibu, lakini yeye aliulizwa habari za tupa tu.

Wazee wameyafuta maneno yao barazani. Ni vema. Lakini yale ya kijana yalikwisha kushuka hata Ludewa, na huku ziwani yamefika kwa abiria wa meli. Kwa hiyo namwomba mwalimu barua ya kuyafuta iandikwe kwa mhuri wa kwaya, iletwe kwake mwenyewe, naye apewe kuisoma nyumbani kwa mama yake.

Nirudi kwa wale wenye magitaa yasiyo na nati, kwa sababu waliniuliza hata mwaka jana. Magitaa ya nyuzi za nailoni kwa desturi hayana chuma cha kurekebishwa. Nyuzi zake huvuta kilo 40 hivi, nayo shingo ni nene ya kutosha. Msiyatie nyuzi za chuma kamwe, hata duka la karibu likiwa halina nyingine, maana zitaking'oa kile kibao cha usoni. Magitaa haya yakikoroma wakati wa kiangazi dawa ni sifongo na mfupa wa chini. Na gitaa la nyuzi za chuma lisilo na nati, ikiwa shingo yake imerudi nyuma, laweza kusaidiwa kwa kutiwa nyuzi nzito kidogo, ambazo huvuta shingo mbele. Kama bonde limezidi, hutiwa nyuzi nyepesi.

Sisi wa mwambao tuna mashaka ya namna nyingine. Mvua zikianza, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, uso wa gitaa huvimba, nyuzi hupanda, na vijana hulalamika ya kuwa vidole vinauma. Wakati huo nati yaweza kukazwa robo, baada ya kupima kwa karatasi, nayo ilegezwe tena mvua zikikoma. Andikeni ndani ya kasha tarehe na upande mliogeuza, ili atakayelishika baada yenu ajue. Wala msiliache gitaa chini ya bati wakati wa jua la mchana, au ndani ya mtumbwi uliovutwa mchangani, kwa maana gundi ya kibao cha usoni hulainika kwa joto, nacho kikianza kubanduka nyuma, hata upana wa karatasi ile mliyopimia, legezeni nyuzi zote siku ile ile mlipeleke kwa fundi.